Naftali Temu: dhahabu ya kwanza na hadithi ya damu

Yeyote aliyepata kusafiri kutoka mjini Kericho kuelekea Kisii anaijua barabara ile inayopita Litein, Kapkatet na Sotik kabla ya kufika Chebilat mpakani. Mashamba ya chai yametandazwa vilimani mithili ya mkeka wa kijani, na alfajiri, kabla ya ukungu kuondoka, watoto wa shule hupita mbio kando ya barabara wakiwa na mikoba mgongoni. Wasimamishe watoto hao, uwaulize ni nani aliyeiletea Kenya nishani ya kwanza ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Wengi watakutajia Kipchoge Keino bila ya kusita.

Jibu hilo si sahihi. Keino ni shujaa, na hakuna mwenye akili timamu awezaye kumpokonya sifa yake. Lakini alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, Wakenya wawili walikuwa wamekwisha kumtangulia. Mmoja alikuwa Amos Biwott, mshindi wa mbio za kuruka viunzi na maji. Wa kwanza kabisa, aliyefungua mlango tarehe 13 Oktoba, siku saba kabla ya Keino, alikuwa kijana wa miaka 23 aliyezaliwa papa hapa Sotik. Jina lake lilikuwa Nabiba Naftali Temu.

Naandika habari zake leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kumbukumbu yake inafifia, hata katika ardhi iliyomzaa. Ya pili inanihusu mimi mwenyewe, nami sina budi kuikiri mbele ya walimu wenzangu.

Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi ya Bomet, na juu ya kufundisha hisabati nilikabidhiwa kazi ya michezo. Ilipofika wakati wa kuchagua timu ya wilaya, alinijia mvulana wa darasa la saba, mtoto wa wachuma chai waliotoka upande wa Kisii, akaomba kukimbia mbio ndefu. Nilimtazama nikatabasamu. Kwa moyo mweupe kabisa, nikidhani ninamsaidia, nilimweleza kwamba mbio ndefu zina watu wake na kwamba yeye angefaa zaidi katika kurusha tufe. Mvulana hakubisha. Aliniuliza swali moja tu, ni nani Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki. Nami nilimjibu kama wanavyojibu watoto wa barabarani. Aliinama kwa adabu akaenda zake.

Juma lililofuata niliuliza katika chumba cha walimu, na mwalimu mmoja mzee akanifahamisha ukweli. Nilipata aibu ambayo sijapata kuisahau. Orodha ya timu ilikuwa imekwisha kupelekwa. Na kabla sijapata nafasi ya kulirekebisha kosa langu mwaka uliofuata, mapigano ya kikabila ya 1992 yalifika katika mpaka wa Sotik na Borabu, na familia ya yule mvulana ikaondoka pamoja na nyingine nyingi. Sikumwona tena. Tangu siku hizo nimekuwa nikimsoma Temu kana kwamba ninalipa deni.

Naftali Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945, wakati ardhi nzuri ya nyanda hizi ilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Kati ya Abagusii na Wakipsigis mkoloni alikuwa amechomeka ukanda wa mashamba makubwa, na mwenyeji wa pande zote mbili aliukanyaga ukanda huo kama kibarua. Temu alikuwa mtu wa jamii ya Abagusii, lakini hewa aliyoivuta utotoni ndiyo hii wanayoivuta Wakipsigis, na vilima alivyovipanda ndivyo hivi. Kama vijana wengi wenye miguu mizuri wa wakati ule, alijiunga na jeshi, mahali ambapo mwanariadha aliweza kupata chakula cha kutosha, mwalimu wa mazoezi na muda wa kufanya mazoezi hayo.

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Nyota ya Temu asubuhi ilifunikwa na wingu. Mwaka 1964, akiwa na miaka 19, alikwenda Tokyo pamoja na timu ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya huru. Mbio za mita 10,000 hazikumpa kitu, na katika marathoni alimaliza wa 49. Aliyetuokoa na aibu huko Tokyo alikuwa mwanajeshi mwingine kutoka vilima hivi, Wilson Kiprugut Chuma wa Kericho. Tarehe 16 Oktoba alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 45.9, akashika nafasi ya tatu nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Shaba ile ndiyo nishani ya kwanza ya Olimpiki kuja Kenya. Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, weka jambo hili moyoni: nishani ya kwanza ya nchi yetu ililetwa na Mkipsigis wa Kericho, na dhahabu ya kwanza ikaletwa na Mgusii wa Sotik. Majirani wawili, wanajeshi wawili, watoto wa vilima vimoja.

Temu hakukata tamaa kwa yaliyompata Tokyo. Agosti 1966 alikwenda Kingston, Jamaika, katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Huko alikutana na Ron Clarke wa Australia, mtu aliyeogopwa kuliko wote katika mbio ndefu, aliyeshikilia rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000. Mwaka mmoja kabla, mjini Oslo, Clarke alikuwa amekimbia mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39.4, muda ambao watu wa wakati ule waliuona kuwa wa ajabu. Katika mbio za maili sita huko Kingston watu wengi hawakuuliza nani atashinda, bali nani atakuwa wa pili. Mtu wa pili akawa Clarke. Temu alimwacha mbali, akamaliza kwa dakika 27 na sekunde 14.6.

Nakuomba, msomaji, ushike jambo moja kuhusu Kingston. Mji huo uko pwani, ukingoni mwa bahari, na una joto zito. Hauna mlima wala hewa nyepesi. Utaona baadaye kwa nini nalisisitiza.

Miaka miwili baadaye ikaja Mexico City, jiji lililoko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Fainali ya mita 10,000 ilikimbiwa siku ya kwanza ya riadha. Mizunguko ni 25, na katika hewa ile adimu hakuna aliyethubutu kuanza kwa kasi. Mmoja baada ya mwingine wakimbiaji wakaanza kuachwa. Keino, aliyekuwa akiugua nyongo, alishindwa kuendelea na akatoka kiwanjani ikibakia mizunguko michache. Clarke naye aliishiwa nguvu, akamaliza wa sita, akaanguka na kuzimia hata madaktari wakampa hewa ya oksijeni. Mwishoni walibaki watu watatu, wote Waafrika: Mamo Wolde wa Uhabeshi, Mohammed Gammoudi wa Tunisia na Temu.

Katika mzunguko wa mwisho Wolde alichomoka. Wolde alikuwa mzoefu na mkubwa kwa umri, na kwa jinsi alivyokwenda ilionekana kana kwamba mambo yamekwisha. Temu hakupapatika. Alimfuata hatua kwa hatua, akaingia naye katika sehemu ya mwisho iliyonyooka, akampita karibu na utepe. Saa ilionyesha dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.6 tu. Ikawa mara ya kwanza kwa bendera ya Kenya kupanda juu ya bendera nyingine zote katika Olimpiki, na mara ya kwanza kwa wimbo wetu wa taifa kupigwa kwa mshindi.

Temu hakutosheka na hilo. Siku nne baadaye alipata shaba katika mita 5,000, nyuma ya Gammoudi na Keino, watatu hao wakitenganishwa na muda usiofika sekunde mbili. Kisha, kana kwamba miguu yake ilikuwa ya chuma, akajitosa katika marathoni, ambayo Wolde alishinda, naye akamaliza wa 19. Ukijumlisha na mbio za mchujo, alikimbia zaidi ya kilomita 60 za mashindano kwa muda wa siku nane. Kenya ilirudi nyumbani na nishani tisa, na miongoni mwazo ilikuwamo fedha ya mita 800 ya Kiprugut.

Na hapo ndipo hadithi nyingine ilipoanza. Kabla jasho la washindi halijakauka, wajuzi wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kupata maelezo. Walidai kwamba Waafrika wameshinda kwa sababu ya mwinuko wa jiji, na kwamba mtu aliyezaliwa mlimani hana ajabu akishinda mlimani. Sikatai kwamba mwinuko ulikuwa na athari, maana hata Clarke aliyeanguka ni shahidi wa jambo hilo. Lakini maelezo hayo yalikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni Kingston. Temu alikuwa amemshinda Clarke yule yule ufukweni mwa bahari, tena kwa umbali mkubwa. Jibu lilikuwa limetolewa miaka miwili kabla ya swali kuulizwa. Ila waliosema hawakutaka kukumbuka.

Mtindo huu wa kuutazama mwili wa mtu mweusi na kuifumbia macho kazi yake haukuanzia Mexico. Nitakupa mfano kutoka mchezo ambao wanafunzi wetu hawaujui, hoki ya barafuni, ambayo huchezwa kwa magongo na viatu vya kutelezea katika nchi za baridi kali. Huko Kanada na Marekani iliaminika kwa muda mrefu kwamba mtu mweusi hawezi mchezo huo, kwamba vifundo vya miguu yake ni dhaifu na kwamba baridi itamshinda. Kumbe mwaka 1895, mjini Halifax katika jimbo la Nova Scotia, watu weusi wa makanisa ya Kibaptisti walikuwa wameanzisha ligi yao wenyewe, nayo ikavuta watazamaji, weusi kwa weupe. Ligi hiyo ilipokufa, kumbukumbu yake ikafa pamoja nayo. Ilipofika 18 Januari 1958, Willie O'Ree alipoingia uwanjani na timu ya Boston Bruins na kuwa mweusi wa kwanza katika ligi kuu, watu walishangaa kana kwamba hakuna mweusi aliyepata kugusa barafu kabla yake. Na O'Ree mwenyewe alikuwa amepofuka jicho la kulia, siri aliyoificha ili asinyimwe nafasi.

Zilinganishe hadithi hizo mbili. Barafuni mtu mweusi alizuiwa kwa kudaiwa kwamba mwili wake haufai. Riadhani alipokwisha kushinda, ilidaiwa kwamba mwili wake unafaa kupita kiasi, na kwa hiyo ushindi wake si kitu. Mwili ukawa ndio hoja ya kumfungia mlango, na pia hoja ya kumpunguzia sifa alipoupita. Katika pande zote mbili kilichoachwa nje ni kile kile: alfajiri za mazoezi, njaa, maumivu, akili ya kujua wakati wa kungoja na wakati wa kuchomoka. Mkimbiaji akageuzwa kuwa mfano wa swala, ambaye hakuna anayempongeza kwa kukimbia.

La kusikitisha ni kwamba nasi tumeipokea hadithi hiyo tukaifanya yetu. Tunasema mbio zimo katika damu ya kabila fulani. Tunasema hivyo kwa fahari, tukidhani ni sifa, tusijue kwamba kwa neno moja tunawadhulumu watu wawili. Wa kwanza ni kijana wa Kalenjin anayeamka saa kumi alfajiri kupanda vilima vya Kericho kwenye baridi. Tunamnyang'anya jasho lake tukimwambia kwamba alizaliwa nalo. Wa pili ni mtoto wa jamii nyingine, tunayemwonyesha mlango wa kutokea kabla hajafunga kamba za viatu. Naftali Temu anatukanusha mara mbili. Hakuwa Mkalenjin, nayo dhahabu ya kwanza ni yake. Hakuhitaji mlima, nayo Kingston ni shahidi.

Na neno damu, likishaingia katika chumba cha darasa, halibaki kwenye michezo. Leo damu hii ni ya mbio, ile ni ya biashara. Kesho damu hii ni ya mahali hapa, ile si ya hapa. Sisi tulioishi kwenye mpaka ule mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, tunajua neno hilo linavyoweza kumfikisha jirani mahali pa kumchomea jirani yake nyumba. Sisemi kwamba mwalimu wa michezo anayekosea kuchagua timu ndiye anayewasha moto. Nasema kwamba mantiki ni ile ile, na kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuifundisha.

Maisha ya Temu baada ya Mexico hayakuwa na fahari nyingi. Mwaka 1972 mjini Munich alitolewa katika mchujo wa mita 10,000, na mwaka uliofuata akaacha mashindano. Siku hizo kanuni za ridhaa zilimkataza mwanariadha kulipwa kwa mbio zake. Nishani ilikuwa heshima, lakini haikununua mbegu. Rais Mzee Jomo Kenyatta alimtunuku shamba katika mpango wa makazi wa Borabu, Mugirango Kaskazini, kwenye ule ule ukanda uliokuwa zamani wa walowezi. Naona haki fulani katika jambo hilo: ardhi ambayo mwenyeji aliikanyaga kama kibarua ikawa mali ya mwenyeji aliyeshinda ulimwengu. Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita, taifa lilimsahau mwenye shamba lile. Vijana waliokimbia baada yake walipata fedha, majumba na majina, naye akabaki jina katika orodha.

Hapa pia nina la kukiri. Tangu 1991 hadi 2003 nilijua kwamba Temu yu hai, ng'ambo tu ya mpaka, safari ambayo matatu ingenifikisha na kunirudisha kabla ya jua kutua. Kila mwaka nilijiahidi kwamba likizo ijayo nitakwenda kumwamkia, nimwombe aje azungumze na wanafunzi wangu. Kila likizo nilipata udhuru: mara mvua, mara karo ya watoto, mara mitihani ya kusahihishwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tarehe 10 Machi 2003 Naftali Temu alifariki katika Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi kwa maradhi ya saratani ya tezi la kibofu. Alikuwa na umri wa miaka 57. Mamo Wolde, mpinzani wake wa Mexico, alikuwa amemtangulia mwaka 2002. Kiprugut aliwafuata Novemba 2022.

Walimu wenzangu, hao wote hawawezi tena kuja darasani mwetu. Kazi ya kuwaleta ni yetu. Hapa Kericho na Bomet hatuhitaji fedha za serikali wala ruhusa ya mtu ili kufanya mambo mawili. La kwanza, tuyataje majina ya Kiprugut na Temu pamoja, katika darasa moja, siku moja, mbele ya watoto wa jamii zote wanaokaa kwenye madawati yetu. La pili, tunapochagua timu, tuiache saa ichague. Mtoto anayeomba kukimbia apewe mstari, akimbie, nasi tutazame alichofanya kabla ya kuuliza ametoka wapi.

Nanyi wanafunzi, mkiambiwa kwamba jambo fulani halimo katika damu yenu, liwe ni mbio, hisabati, fizikia au ushairi, mkumbuke kijana aliyemaliza wa 49 mjini Tokyo. Miaka minne baadaye hapakuwa na mtu mbele yake. Damu yake haikubadilika kati ya Tokyo na Mexico. Kilichobadilika ni miaka minne ya kazi.

Kuhusu yule mvulana wa 1991, sijui alikofika. Iwapo yu hai, sasa ni mtu mzima, na huenda watoto wake wako shuleni. Kama gazeti hili litamfikia, nataka ajue kwamba jibu lake lilikuwa sahihi na langu lilikuwa kosa, na kwamba tangu mwaka ule sijamkatalia mtoto yeyote mstari wa kuanzia.